Askari Mwenye Chuma Mwilini na Aseme

Si siri kwamba katika majeshi yetu ya ulinzi na usalama wamo maofisa na askari wengi ambao hadi leo wanatembea na chuma ndani ya miili yao. Wapo waliokipata katika mapigano ya Luwero kati ya mwaka 1981 na 1986; wapo waliokipata kaskazini mwa nchi, wengine katika misitu ya Kongo, na wengine tena huko Somalia ambako majeshi yetu yaliingia mwezi Machi 2007. Polisi nao wana fungu lao, wakiwemo waliojeruhiwa jijini Kampala mabomu yalipolipuka tarehe 16 Novemba 2021. Daktari aliyewapokea majeruhi hao alitoa kilichotoleka, na kile ambacho kukifuata kisu kungeleta hasara kubwa kuliko kukiacha, alikiacha. Huo si uzembe. Ndiyo kanuni ya upasuaji wa vita katika majeshi yote ya dunia, na askari wengi wameishi miaka mingi na vipande hivyo bila kusumbuliwa navyo, isipokuwa pengine wakati wa baridi.

Jambo tunalotaka kulizungumza leo limeletwa na maendeleo ya hospitali zetu. Mashine ya kupiga picha kwa sumaku, ambayo madaktari huiita MRI, haikujulikana na mwananchi wa kawaida katika miaka ya vita vya Luwero. Leo askari mwenye maumivu ya mgongo, au goti lililoharibika kwa kubeba mizigo, au aliyetikiswa ubongo na mlipuko, huenda akaandikiwa kipimo hicho na daktari wake. Nacho ni kipimo kizuri sana. Huonyesha uti wa mgongo, mishipa ya fahamu, gegedu na ubongo kwa uwazi ambao picha za eksirei haziwezi kuufikia, wala hakitumii mionzi ile inayodhuru chembechembe za mwili. Hatusemi askari akiogope. Tunachosema ni kwamba kabla ya kulazwa juu ya kitanda kile, pana mambo ambayo lazima yajulikane, na ambayo mara nyingi ni askari peke yake ayajuaye.

Ndani ya mashine hiyo mna sumaku. Katika hospitali nyingi nguvu yake ni tesla 1.5, na katika nyingine tesla 3. Kwa mtu ambaye vipimo hivyo havimwambii kitu, yafaa aikumbuke dira aliyofundishwa kuitumia katika masomo ya ramani. Nguvu inayoigeuza sindano ya dira ielekee kaskazini ni sumaku ya dunia. Sumaku ya mashine ya tesla 1.5 ina nguvu zaidi ya mara 30,000 ya hiyo. Tena haiongezeki polepole kadiri mtu anavyoikaribia. Mlangoni mtu anaweza asihisi lolote mkononi, akapiga hatua mbili tatu mbele, na kile alichokishika kikamponyoka kama kilichorushwa.

Zaidi ya hayo, sumaku hiyo haizimwi. Imeundwa kwa nyaya zilizopozwa kwa heliamu ya majimaji hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, na katika ubaridi huo umeme huzunguka ndani yake siku zote bila kuhitaji kusukumwa. Umeme wa mji ukikatika, sumaku ingalipo. Taa zikizimwa, wafanyakazi wakaenda nyumbani, na chumba kikafungwa siku ya Jumapili, sumaku ingalipo. Katika mji wa Mumbai, India, mwezi Januari 2018, kijana mmoja aliyemsindikiza mgonjwa aliingia katika chumba cha MRI na mtungi wa oksijeni. Ndugu zake walieleza kwamba waliambiwa mashine imezimwa. Alivutwa pamoja na mtungi huo akafa. Miaka kumi na saba kabla ya hapo, mwezi Julai 2001, katika jimbo la New York nchini Marekani, mtungi wa namna hiyo hiyo uliruka ukamwua mtoto wa miaka sita aliyekuwa amelala ndani ya mashine. Na mwezi Julai 2025, katika jimbo hilo hilo, mwanamume mmoja aliingia chumbani akiwa na mnyororo wa chuma wa mazoezi shingoni, wenye uzito wa kilo 9 hivi. Alivutwa, na kesho yake akafariki.

Sasa turejee kwenye chuma kilichomo mwilini. Hapa lugha yetu yenyewe inaweza kutupoteza. Neno risasi kwa Kiswahili ni madini, na ni hicho kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Madini ya risasi hayavutwi na sumaku, kwa hiyo askari husikia kwamba risasi haina neno, akaondoka ameridhika. Lakini si kila risasi imetengenezwa kwa risasi. Ile ya kawaida ya bunduki ya AK-47, ya milimita 7.62 kwa 39, kiini chake ni chuma laini, na ganda lake la nje aghalabu ni chuma kilichopakwa shaba. Ile ya milimita 5.56 ya aina ya SS109 ina ncha ya chuma mbele ya risasi. Risasi nyingi za bastola ya milimita 9 zina kiini cha risasi na ganda la shaba, na hizo sumaku haizijali sana, ingawa zipo zenye ganda la chuma. Vipande vya mabomu ya mkono, vya mizinga na vya mabomu ya kutegwa ardhini aghalabu ni chuma cha kawaida, nazo gololi zinazofungwa katika mikanda ya kujilipua ni chuma kigumu ambacho sumaku hukipenda kupita kiasi. Daktari wa hospitali ya kiraia hawezi kulijua hilo kwa kumtazama mgonjwa usoni. Askari aliyejua alipigwa na nini na alipigwa wapi anamsaidia kuliko anavyodhani.

Je, kipande hicho kitafanya nini? Inategemea kimelala wapi. Kilichokaa miaka mingi ndani ya nyama ya paja kimekwisha kuzungukwa na kovu gumu linalokishikilia, na mara nyingi madaktari, wakishakiona kwa eksirei, huendelea na kipimo bila madhara. Kilichokaa karibu na jicho, ubongo, uti wa mgongo au mshipa mkubwa wa damu ni habari nyingine kabisa, kwani hapo msogeo wa milimita chache unatosha kuharibu. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani waliandika habari za mfanyakazi wa vyuma aliyekuwa na chembe ya chuma ndani ya jicho pasipo mtu kufahamu. Alipotoka kwenye MRI, jicho hilo lilikuwa limepoteza nuru. Mwaka 1993 madaktari wengine wa huko huko walieleza kifo cha mgonjwa aliyekuwa na kibanio cha chuma katika mshipa wa damu ubongoni, ambacho kilijigeuza alipokuwa akiingizwa katika mashine. Tunawataja hawa wawili makusudi. Wa kwanza anawahusu mafundi wetu wa karakana za jeshi na polisi, wanaochomelea na kusaga vyuma kila siku bila miwani. Nao waseme, hata kama hawajawahi kufika mstari wa mbele.

Kuhusu vyuma vinavyowekwa na madaktari wenyewe, habari ni nzuri kiasi. Vipande bapa, misumari na skrubu za kuungia mifupa siku hizi hutengenezwa kwa titani au kwa chuma maalumu kisichoshika kutu, ambavyo havivutwi kwa nguvu ya kutisha; tatizo lake kubwa ni kuchafua picha ya sehemu iliyo jirani. Hata hivyo chuma kirefu kinaweza kupata joto kutokana na mawimbi ya redio yanayotumiwa na mashine, na fremu za chuma zinazofungwa nje ya mguu huhitaji uangalifu zaidi. Vidude vya kuongoza mapigo ya moyo vilikatazwa kabisa kwa miaka mingi. Ni mwaka 2011 ndipo Marekani ilipoidhinisha cha kwanza kinachoweza kuingia katika MRI, nacho ni kwa masharti. Vifaa hivi vina alama zake zinazotambuliwa kimataifa: mraba wa kijani maana yake ni salama, pembetatu ya manjano maana yake ni salama kwa masharti, na duara jekundu lenye mstari maana yake ni marufuku. Askari wanawake wenye kitanzi cha uzazi nao wakitaje. Vya shaba kwa kawaida havizuii kipimo, lakini mwenye kupima ni lazima ajue.

Kwa nini basi askari anyamaze? Sababu tunazijua. Wapo wanaoogopa kwamba wakitaja jeraha la zamani watapelekwa mbele ya bodi ya madaktari na kustaafishwa. Wapo wanaoona ni aibu kuhesabu majeraha mbele ya mtaalamu kijana aliyevaa koti jeupe. Wapo waliosahau kweli, kwa kuwa kipande kilichoingia miaka thelathini iliyopita hakiumi tena. Na wapo, ambao ndio wengi, wanaopewa fomu iliyoandikwa Kiingereza cha kitabibu, wakatia sahihi mahali walipoonyeshwa. Kwa hao wa mwisho lawama si yao. Fomu hiyo isomwe kwa lugha ambayo askari anaielewa, na swali liulizwe kwa maneno yake: umewahi kupigwa risasi, kuguswa na bomu, au kuingiwa na chuma jichoni?

Liko jambo la pili, ambalo ni silaha. Askari amefundishwa tangu siku ya kwanza kambini kwamba hatengani na silaha yake, na mafunzo hayo ni mema. Lakini mlango wa chumba cha MRI ndipo mahali ambapo amri hiyo inamgeuka. Mwaka 2002 jarida la madaktari wa picha la Marekani lilieleza habari za polisi mmoja ambaye, kwa kutoelewana na mtaalamu wa mashine, aliingia na bastola yake. Sumaku iliipokonya, ikagonga ukingo wa mashine na kujifyatua ukutani, ingawa kifungo chake cha usalama kilikuwa kimefungwa. Hakuumia mtu. Mjini São Paulo, Brazil, mwezi Januari 2023, bahati haikuwapo. Mwanasheria mmoja aliyemsindikiza mama yake alitakiwa kuacha vyuma vyote nje, akatia sahihi, lakini akabaki na bastola aliyoificha kiunoni. Ilivutwa, ikafyatuka, ikampiga tumboni. Mwezi uliofuata akafariki.

Walinzi wa wakubwa na wasindikizaji wa mahabusu na walipime hilo vizuri. Mlinzi anayesema kwamba amri yake hailekei kuacha bastola mlangoni anamweka katika hatari yule yule aliyetumwa kumlinda. Njia iko, na ni rahisi: wasindikizaji wawe wawili, mmoja abaki nje ya eneo la sumaku akiwa na silaha zote, mwingine aingie hana kitu. Mahabusu avuliwe pingu za chuma, afungwe za plastiki ikiwa ni lazima. Singe, magazini, redio, fulana ya kuzuia risasi yenye bamba la chuma, mkanda wa kijeshi, buti zenye chuma cha vidoleni, funguo, hata hirizi iliyoshonewa bati, vyote vibaki nje. Askari wa zimamoto nao wajue kwamba mtungi wao wa kawaida wa kuzimia moto ni chuma, na kwamba hawaruhusiwi kukimbilia ndani nao kabla ya mtaalamu wa mashine kuwaambia hali ya sumaku. Mtaalamu huyo, hata awe binti wa miaka ishirini na minne asiye na cheo, ndiye kamanda wa chumba kile, na jenerali akiambiwa avue saa yake ataivua.

Kwa upande wa wakubwa, tunaona kwamba haitoshi kumlaumu askari. Kila majeruhi anayetoka hospitali ya jeshi au ya polisi angepaswa kupewa kadi inayoonyesha ni chuma gani kimebaki mwilini mwake, upande gani na kina gani, pamoja na jina na namba ya kifaa chochote alichowekewa. Nakala ya kadi hiyo ikae katika faili lake la utumishi, imfuate akihamishwa na imfuate akistaafu, maana kipimo kinaweza kuandikwa miaka ishirini baada ya kuvua sare. Pale ambapo kumbukumbu hazipo, apigwe kwanza eksirei ya kawaida kwa pande mbili. Ni kipimo cha bei ndogo kinachopatikana hata katika hospitali za wilaya, nacho huonyesha chuma waziwazi. Chuma kikionekana mahali pa hatari, daktari anayo njia ya picha za CT au ya mawimbi ya sauti, na mgonjwa hajapoteza kitu. Aidha, bodi za madaktari zitamke wazi kwamba kutaja kipande cha bomu kwa ajili ya MRI hakutahesabiwa kuwa ombi la kustaafu.

Mpaka kadi hizo zitakapotolewa, askari aliyejeruhiwa achukue karatasi aandike mwenyewe: mwaka, mahali, aina ya silaha iliyompiga, sehemu ya mwili, na hospitali iliyomtibu. Aikunje aiweke pamoja na kitambulisho chake, na nakala ya pili ampe mkewe au mumewe, kwa sababu aliyezimia hawezi kuulizwa.