Pesa Zinavuka, Faili ya Mama Haivuki

Mwaka jana nilimsindikiza mama kutoka hospitali ya kaunti moja hadi hospitali ya rufaa katika kaunti nyingine. Ana kisukari na presha. Alibeba mfuko wenye madaftari matatu, picha za eksirei na rundo la risiti. Kule tulikotoka, daktari alikuwa ameingiza kila kitu kwenye kompyuta. Nilimwona kwa macho yangu. Kule tulikofika, karani akabofya mara mbili, akatikisa kichwa.

“Mama, kwa sistimu hauko.”

Hauko! Mtu amesimama mbele yako anatetemeka, unamwambia hayuko.

Basi tukaanza upya. Damu ikatolewa tena, eksirei ikapigwa tena, tukalipa tena. Daktari akauliza kama kuna dawa inayomdhuru. Mama akajibu, “Ni ile ya rangi mbili, daktari.” Nikapekua madaftari jasho likinitoka, hadi nikaona neno penisilini. Wino ulikuwa umeanza kufutika kwa mvua. Je, kama singekuwepo?

Sasa msiniambie ati tunakosa teknolojia. Mfumo wa OpenMRS, unaotumika leo katika nchi nyingi, ulianza mwaka 2004, na mizizi yake iko hapa Eldoret, katika kliniki za wagonjwa wa Ukimwi. Upo pia utaratibu wa kimataifa uitwao FHIR, unaoziwezesha kompyuta za hospitali tofauti kuelewana: huyu ni nani, anaugua nini, amepewa dawa gani. Kuutumia hakulipiwi leseni. Na mwaka 2018 kampuni zetu za simu zilianza kuruhusu pesa zivuke moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Kwa hivyo shilingi hamsini yangu inavuka, ila habari ya dawa inayoweza kumuua mama haivuki.

Shida si waya, shida ni umiliki. Mwenye kuuza mfumo hafaidiki mteja akiweza kuhama. Hospitali nayo huiona faili kama mali yake. Tena kaunti ziko 47, na kila moja ina mlango wake wa kununulia.

Najua mtanijibu: je, siri ya mgonjwa? Hoja hiyo ni nzito, hasa kwa anayeishi na virusi na amewaficha hata nduguze. Lakini daftari ndani ya mfuko linalinda siri gani? Jirani kwenye matatu anaweza kulisoma. Mfumo ulioundwa vizuri humwomba mgonjwa ruhusa, na huweka alama ya kila aliyefungua faili yake na saa aliyofungua. Daftari halijui limesomwa na nani.

Sheria nayo tunayo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupata habari zake na kuzihamishia kwingine. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 inataka mfumo mmoja wa taifa unaounganisha habari za afya. Lakini sheria iliyo kabatini haimtibu mtu.

Kwa hivyo nasema wazi: kaunti isilipie mfumo wowote kabla ya muuzaji kuonyesha, hadharani, faili ya mgonjwa ikitoka hospitali yake na kusomeka katika hospitali ya jirani. Akishindwa, asilipwe. Na hizo semina za hotelini kuhusu akili mnemba na blokcheni zingoje kidogo. Hiyo mashine yenye akili itasoma nini, na daftari limelowa?

Mama hakungoja. Amenunua daftari jipya, na juu ya jalada ameandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: PENISILINI HAPANA. Kufikia leo, huo ndio mfumo pekee unaovuka naye mpaka wa kaunti.