Nafasi Ilikuwapo Tanganyika

Barazani hapa Tongoni, yakitajwa mauaji ya Wayahudi wakati wa Vita vya Pili, Hitler hulaaniwa kwa kauli moja, na anastahili. Ikitajwa serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikitutawala wakati huo, watu huanza kuitafutia udhuru. Nyudhuru hizo nimezisikia mara nyingi, na sizikubali.

"Hawakujua." Walijua. Tarehe 17 Desemba 1942 Anthony Eden, Waziri wa Mambo ya Nje, alisoma bungeni London tamko la nchi washirika kwamba Wayahudi wa Ulaya wanaangamizwa. Wabunge wakasimama kimya kuwaombolezea. Mwaka 1944, mwaka mmoja na nusu baadaye, Wayahudi zaidi ya 400,000 wa Hungaria walisafirishwa kwa muda wa miezi miwili hivi, wengi wao wakapelekwa Auschwitz.

"Meli zote zilikuwa vitani." Hoja hii ndiyo inayoniuma zaidi. Kuanzia 1942 Wapolandi zaidi ya 10,000, waliokuwa wamehamishiwa Muungano wa Kisovieti kwa nguvu, walipitishwa Iran wakavushwa bahari hadi Afrika Mashariki. Karibu 5,000 waliwekwa Tengeru, Arusha. Wengine walipelekwa Kondoa, Ifunda, Kidugala, na Masindi kule Uganda. Ilifanywa vyema, na nafurahi ilifanywa. Lakini Wapolandi walikuwa na serikali yao ya uhamishoni huko London ya kuwasemea. Myahudi aliyevuliwa uraia hakuwa na wa kumsemea. Tena, Desemba 1940 Waingereza waliwachukua Wayahudi wapatao 1,580 waliokuwa wamefika Haifa, Palestina, wakawavusha Bahari ya Hindi hadi Mauritius na kuwafungia gereza la Beau Bassin mpaka 1945. Zaidi ya 120 walifia huko. Meli ya kuwafukuza ilipatikana.

"Wapelelezi wangejichanganya nao." Kenya ilijibu hilo mapema: Septemba 1939 iliwakamata wakimbizi wa Kiyahudi kama raia wa adui, ikawachunguza, kisha wengi ikawaachia. Basi kuchunguza kuliwezekana.

"Tanganyika haikuwa na nafasi." Novemba 1938, siku chache baada ya masinagogi ya Ujerumani kuchomwa moto, Waziri Mkuu Chamberlain mwenyewe aliitaja Tanganyika bungeni kuwa mahali pa kufikiriwa. Matokeo yake yalikuwa haba mno. Na miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa karibu theluthi ya Wazungu wote wa nchi hii. Walikuwa na mashamba Usambara na huku kwetu kwenye mkonge wa Tanga, na baadhi yao walikuwa wanachama wa chama cha Hitler. Wafuasi wake walikuwa na nafasi; waliomkimbia wakaambiwa pamejaa.

Ndani ya hoja hii, hata hivyo, kuna neno la haki. Mpango wa walowezi, wawe Wayahudi au wengine, ulikuwa na maana ya kugawa ardhi ya Wasambaa, Wabondei au Wahehe bila kuwauliza. Mzee anayelisema hilo barazani simpingi hata kidogo. Ila kumpa mtu kimbilio si kumpa shamba. Wapolandi wa Tengeru walipewa vibanda, shule na hospitali, na vita vilipokwisha wengi wao wakaondoka. Kilichotolewa kwa Mpolandi kingeweza kutolewa kwa Myahudi bila mwenyeji kupoteza konde lake.

Nakiri pia kwamba Uingereza iliwapokea watoto wakimbizi karibu 10,000 kabla ya vita, na kwamba bila Hitler kushindwa mauaji yasingekoma. Yote mawili ni kweli, na hakuna hata moja linaloeleza Beau Bassin.

Walimu wa historia wa Tanga, mkifika sura ya Vita vya Pili msiishie Ulaya. Makaburi ya Wapolandi yapo Tengeru mpaka leo. Wapelekeni wanafunzi wakayaone, kisha waulizeni ni nani mwingine angeweza kuokolewa kwa njia ileile.