Fomu ya kompyuta na safari ya mkazi wa Ozi

TANGU Rais William Ruto azindue rasmi huduma zaidi ya 5,000 za serikali katika mtandao wa eCitizen mnamo Juni 30, 2023, ofisi za umma nchini zimekuwa mbioni kugeuza fomu zao za karatasi ziwe za kujazwa kwa kompyuta au simu. Hatua hiyo yastahili pongezi. Aliyewahi kupanga foleni tangu alfajiri, kisha akaambiwa adhuhuri kwamba fomu zimekwisha, hana sababu ya kuililia karatasi.

Hata hivyo, lipo swali ambalo waundaji wa fomu hizo huliuliza kwa nadra: atakayezijaza ni nani, na yuko wapi?

Chukua mfano wa Ozi, kijiji kilicho katika eneobunge la Garsen, karibu na mahali Mto Tana unapoingia baharini huko Kipini. Wakazi wake wengi ni Wapokomo, wakulima wa mpunga, ndizi na maembe, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakilalamikia maji ya chumvi yanayopanda kutoka baharini na kuharibu mashamba yao. Anayetaka huduma ya ofisini huenda kwa mtumbwi au pikipiki hadi Kipini, kisha aishike barabara ya Garsen. Makao makuu ya kaunti yako Hola, mbali zaidi.

Huyu ndiye Mkenya ambaye fomu ya kompyuta ingemfaa kuliko wote. Isitoshe, mafuriko ya Tana, kama yale ya 1997 na 1998 au ya Aprili na Mei 2024, husomba nyumba pamoja na stakabadhi zilizomo. Rekodi iliyohifadhiwa vyema katika mtambo wa serikali haisombwi na mto.

Tatizo ni kwamba ofisi nyingi huichukua fomu ya zamani jinsi ilivyo na kuihamishia kwenye kompyuta, zikidhani kazi imekwisha. Karatasi, pamoja na uzee wake, ilikuwa na huruma fulani. Asiye na sanduku la posta aliiacha nafasi hiyo wazi. Aliyekuwa na maelezo ya ziada aliyaandika pembeni, na karani akayasoma. Fomu ya kompyuta haina pembeni. Nafasi iliyowekewa alama ya lazima isipojazwa, ukurasa hausongi. Ikidai anwani ya baruapepe, asiye nayo atabuni ya uongo au atatumia ya mwenye saiba. Kijiji kikikosekana kwenye orodha ya kuchagua, mkazi wake atalazimika kuchagua kijiji cha wengine.

Tena kuna suala la lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini fomu nyingi za ofisi huandikwa kwa Kiingereza pekee. Zinapotafsiriwa, mara nyingi mambo huzidi kuharibika. Mfano mmoja, ambao sisi wahariri tumegombana nao miaka mingi, ni "jina la ukoo". Mtafsiri alikusudia jina la mwisho, lile wanalochangia watu wa familia moja kwa desturi ya Kizungu. Mpokomo akiulizwa ukoo wake atautaja ukoo wake hasa, jina ambalo huenda halimo katika kitambulisho. Kompyuta italinganisha majina, itakuta hayapatani, na itakataa ombi. Mwombaji hatajua kosa lake ni lipi, maana hakukosea. Ingetosha kuandika: "Jina la mwisho kama lilivyo kwenye kitambulisho."

Ugumu huu hauhusu majina tu. Halmashauri ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 1, 2024, huwauliza wasio na mshahara maswali kuhusu nyumba wanamoishi, idadi ya watu waliomo na huduma wanazopata. Majibu hayo ndiyo hutumiwa kukadiria mchango wao. Sasa fikiria mkulima aliyeezeka nyumba kwa mabati mwaka wa mavuno mema, kisha chumvi ikala mpunga wake misimu miwili mfululizo. Fomu inayoyahesabu mabati bila kuuliza habari za shamba itamwona tajiri.

Wapo watakaosema dawa ni kuwapa watu fomu ya kupakua na kujaza bila intaneti. Mamlaka ya Ushuru (KRA) ilijaribu njia hiyo katika mfumo wa iTax: mlipa ushuru hupakua faili ya Excel, huijaza, huikagua kwa kubonyeza kitufe, kisha huipakia tena. Wazo lenyewe ni zuri kwa sehemu ambazo mtandao hukatika. Ila faili ile huhitaji kompyuta yenye programu maalumu, nayo simu ya mkononi haiwezi kuiendesha. Kila Juni, makataa yanapokaribia, wengi hujikuta kwa mwenye saiba, wakimkabidhi nenosiri lao pamoja na siri zao zote.

Kwa maoni yangu, fomu bora zaidi kuwahi kutumika nchini haikubuniwa na serikali. Ni menyu ya M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007. Huuliza nambari, kiasi na nambari ya siri, basi. Inafanya kazi katika simu ya bei rahisi kabisa, inapatikana kwa Kiswahili, na hutuma ujumbe wa kuthibitisha kila kilichofanyika. Bibi asiyewahi kugusa kompyuta huijaza bila kusaidiwa. Kilichoifanya iwe rahisi ni kwamba haiulizi lisilohitajika. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka hivyo hivyo: ofisi ikusanye tu habari inazohitaji kwa kazi iliyopo.

Na bado hatujataja mhuri. Ofisi inaweza kuweka fomu yake mtandaoni kwa mbwembwe, kumbe chini kabisa pana nafasi ya sahihi na mhuri wa chifu. Mwombaji itambidi aijaze, aende kuichapisha, amtafute chifu, kisha arudi kwenye saiba ipigwe picha na kutumwa. Safari iliyokuwa moja inakuwa mbili, na gharama ya kuchapisha juu yake. Tangu 2020 sheria za Kenya zimepanua matumizi ya sahihi ya kielektroniki hata katika stakabadhi za ardhi. Kama mwenye shamba aweza kuliuza kwa sahihi ya aina hiyo, hakuna sababu ya chifu kukosa njia ya kumthibitisha mwanafunzi anayeomba basari kwa kutumia simu yake mwenyewe.

Kuyarekebisha haya si ghali. Kabla fomu haijafunguliwa kwa umma, karani mmoja apande mtumbwi nayo hadi Ozi, akiwa na simu ya kawaida na bando ndogo ya intaneti. Aketi na mkulima, mama mwenye mtoto mchanga na kijana aliyemaliza shule, awape waijaze wenyewe, naye anyamaze. Kila mahali watakapokwama, apaandike.