Mpe Maskini Pesa, Tena kwa Mkupuo

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Ugunja, kaunti ya Siaya, na mengi ninayoyajua kuhusu umaskini nimeyasoma katika daftari la lipa pole pole. Kuna mama mjane ambaye kila siku ya soko huniachia mia moja au mia mbili za mabati. Akikaribia kutimiza mabati kumi, mvua inaanza, mjukuu anashikwa na malaria, naye anarudi dukani: "Mwanangu, nirudishie kidogo katika zile." Namrudishia. Paa lake bado ni la nyasi, na nyasi zenyewe siku hizi hununuliwa, maana mashamba yamekatwakatwa hadi hakuna pa kuziotesha.

Wamekuja wengi kumsaidia. Wa kwanza alimletea mbuzi wa maziwa, aliyetaka banda la mbao, dawa ya minyoo na majani ambayo mama hana pa kuyakata. Wengine walimwita kwenye semina ya ujasiriamali, akala mandazi, akanywa soda, akapewa cheti. Mtu anayelea wajukuu kwa kuuza omena anafundishwa biashara na kijana ambaye hajawahi kuuza hata njugu! Hakuna aliyemuuliza anadaiwa na nani, au angeanza na lipi.

Siaya tumeona njia nyingine. Kati ya 2014 na 2017 shirika la GiveDirectly lilitoa takriban Sh87,000 kwa kila boma lenye paa la nyasi katika vijiji vilivyochaguliwa, zikatumwa kwa M-Pesa kwa awamu tatu. Hakukuwa na semina wala sharti la matumizi. Wanauchumi, akiwemo Edward Miguel, walifuatilia vijiji 653. Waliopata walikula vizuri zaidi na kununua mali, lakini lililonifurahisha mimi ni kwamba hata majirani ambao hawakupata kitu waliinuka. Fundi alipata kazi, mwenye kibanda akauza, bodaboda akabeba. Kila dola iliyoingia ilizalisha takriban dola mbili na nusu katika uchumi wa pale, na bei hazikupanda ila kwa kiasi kidogo mno. Najua mtasema muuza mabati lazima asifu pesa za mabati. Ni kweli nina maslahi, lakini hesabu hizo hazikufanyiwa dukani kwangu.

Halafu kuna swali la chang'aa, ambalo kwa kawaida huulizwa na mtu mwenye chupa mezani. David Evans na Anna Popova, wakati huo wakiwa Benki ya Dunia, walichambua tafiti kutoka mabara mbalimbali na hawakuona kwamba wanaopewa pesa huongeza ulevi au sigara. Walevi wapo, hata katika daftari langu wapo. Ila mbuzi naye huuzwa akanywewa.

Sisemi pesa zitachimba kisima au kuleta daktari kwenye zahanati. Hiyo ni kazi ya serikali, na isijifiche nyuma ya M-Pesa. Ninachopigania ni kidogo zaidi: mtu achague namna ya kulipwa. Jirani zetu wa Rarieda walipopewa pesa za aina hii miaka michache kabla ya 2014, wengine walilipwa kila mwezi na wengine kwa mkupuo. Wa kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula, na wa mkupuo wakanunua vitu vya kudumu. Ndiyo maana akina mama wana vyama vya kuzungushiana pesa: vijisenti vya kila wiki havijengi, mpaka vikusanyike mkononi mwa mtu mmoja.

Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi. Kuna mzee ambaye bila hizo hali, huyo aendelee kulipwa hivyo hivyo. Lakini kwa nini anayetaka asiruhusiwe kuchukua za mwaka mzima, Sh24,000, mara moja, Januari, kabla ya mvua? Kwa bei ya duka langu hayo ni karibu mabati ishirini na misumari yake. Mhasibu atauliza itakuwaje mzee akifariki Juni. Serikali itakuwa imepoteza Sh12,000, na wajukuu aliokuwa akiwalea watakuwa na nyumba isiyovuja.