Neno la mwezi huu: KUPEKUA

Kijana mmoja wa Bukama ametuuliza: kwa nini kwenye redio wanasema polisi "walimpekua" mtu, na nkambo yake anasema kuku "anapekua" kwenye shamba la mihogo? Ni neno moja ao ni mawili?

Ni neno moja, ndugu yetu, na kuku njo alianza.

Tazama mama kuku asubuhi, nyuma ya nyumba. Hadoni bado. Anakwaruza udongo kwa mguu mmoja, kisha kwa mguu mwingine, anarudi nyuma hatua moja na kutazama kilichofunuliwa. Kazi hiyo ya miguu njo kupekua. Wengine wanasema kuchakura. Kudona ni kazi ya mdomo, inakuja nyuma yake. Akiokota punje moja moja, hapo anadondoa, na magazeti yameazima neno hilo kuita vipande vifupi vya habari "dondoo". Sikilizeni pia ule mwisho wa neno: funua, fukua, fumbua, pekua. Yote ni mambo ya kuondoa kile kinachofunika.

Toka kwa kuku neno likaenda kwa mtu. Anayegeuza-geuza vitu vya wengine anapekua, jina lake ni mpekuzi, na tabia yake ni upekuzi. Kitabu nacho kinapekuliwa, ukurasa kwa ukurasa, na hapo hakuna ubaya.

Sisi huku Katanga tumezoea kusema kwa Kifaransa, fouiller. Neno hilo nalo linatoka kwenye udongo, maana mzizi wake wa Kilatini ni kuchimba. Wao walitazama mchimbaji, Waswahili walitazama kuku. Ukishuka mto Lualaba toka Bukama mpaka ziwa Kisale, utafika Sanga. Huko, mwaka wa 1957 na 1958, wataalamu walifukua makaburi ya watu wa zamani sana, wakakuta vyungu na vitu vya shaba, pamoja na visalaba vidogo vya shaba ambavyo vinahesabiwa kuwa pesa ya wakati ule. Kazi hiyo Wafaransa wanaiita fouilles. Na mfanyakazi anayesimamishwa kwenye mlango wa mgodi, mikono juu, anatumiwa neno lile lile!

Sasa turudi nyumbani. Baba anaona mtoto wake ana simu mpya, na pesa ya simu haijulikani ilitoka wapi. Usiku anafungua sakoshi ya mtoto. Mtoto anaamka: "Baba, juu ya nini unapekua mu sakoshi yangu?" Hofu ya baba tunaielewa, maana kuna watoto wanaoacha masomo kwa kufuata mawe. Lakini angemuuliza kwanza, mchana, mama naye akiwepo. Kuku anapekua mbele ya watoto wake, na akipata mdudu anawaita kwa sauti, anamwokota na kumwangusha mbele yao wale. Upekuzi wa usiku ni wetu sisi watu.

Kwa yule kijana wa Bukama: ukisimamishwa mlangoni, sema "nimepekuliwa". "Nimedonwa" atasema yule aliyekutana na jogoo mkali.