Tujue Historia: Jamaa ya Moffat wa Kuruman

Ndugu msomaji, mwezi huu twende kusini, mbali na kwetu. Twende Kuruman. Mji huo uko Afrika ya Kusini, karibu na jangwa la Kalahari. Wenyeji wake ni Watswana. Tutasoma habari za jamaa moja ya wamisionari waliohamia huko zamani. Watu wengi wanamjua mkwe wao, David Livingstone. Jamaa yenyewe hawaijui.

Baba alikuwa Robert Moffat. Alizaliwa Uskoti mwaka 1795. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya bustani. Alipanda miti na maua ya matajiri. Mwaka 1817 alifika Cape Town kwa meli, akitumwa na chama cha wamisionari cha London. Mchumba wake, Mary Smith, alibaki Uingereza, kwa sababu wazazi wake walikataa asiende. Baadaye walikubali. Mary akasafiri, wakaoana Cape Town mwezi wa Desemba 1819. Kisha wakaenda bara kwa gari la kukokotwa na maksai.

Maisha yalikuwa magumu kwa Bibi Moffat. Aliandika barua nyingi kwao. Katika barua moja alieleza jinsi anavyopaka sakafu mavi ya ng'ombe kila juma. Mwanzoni hakupenda hata kidogo. Baadaye aliona kwamba vumbi linatulia na viroboto wanakufa, akasifu sana. Mama zetu watacheka. Jambo hilo wao walilijua tangu utotoni, na hawakuandika barua.

Bibi huyo alizaa watoto kumi. Wengine walikufa wakiwa wadogo.

Katika miaka ya kwanza palikuwa na ugomvi wa maji. Wamisionari walichimba mfereji kutoka mtoni ili wamwagilie bustani zao. Nchi ile ni kavu. Akina mama wa Kitswana nao walikuwa na mashamba, wakayachepusha maji ya mfereji yaende kwao. Bustani za wamisionari zikakauka. Wageni walipolalamika, akina mama walichukua majembe, wakaenda wakalibomoa banio lote. Maji yakarudi katika njia yake ya zamani. Moffat mwenyewe aliandika habari hiyo katika kitabu chake. Aliona kuwa ni ukorofi. Lakini msomaji wetu aliyewahi kugombania zamu ya mfereji anaweza kuuliza: maji yale yalikuwa ya nani kwanza?

Moffat alikuwa na bidii, hilo halina ubishi. Mwaka 1827 aliiacha nyumba yake kwa majuma kadhaa, akakae na Watswana peke yao, ajifunze lugha yao. Akaanza kutafsiri Biblia. Mwaka 1831 mashine ya kupiga chapa ilifika Kuruman kwa gari la maksai. Mwaka 1857 Biblia nzima ilikuwa imekwisha chapwa kwa Kitswana, hapo hapo Kuruman. Watu wazima walijifunza kusoma, kama tulivyojifunza sisi. Sifa ya kazi hiyo amepewa Moffat. Lakini mtu hawezi kuandika vizuri lugha aliyojifunza ukubwani bila kuwauliza wenye lugha.

Binti wa kwanza, Mary kama mama yake, alizaliwa mwaka 1821. Alikulia huko, akisema Kitswana tangu utotoni. Mwaka 1845 aliolewa na Livingstone. Hapo ndipo taabu yake ilipoanza. Mume hakutulia mahali pamoja. Walijenga nyumba tatu, ya mwisho huko Kolobeng, ambako sasa ni Botswana. Mwaka 1850 Livingstone alimchukua mke na watoto kuvuka jangwa. Mary alikuwa mja mzito. Waliporudi alijifungua mtoto wa kike, akafa baada ya majuma sita tu. Mwaka 1851 Mary alikuwa na mimba tena, na mume akataka kuvuka jangwa tena. Mama mkwe alikasirika. Alimwandikia Livingstone barua kali, akimwuliza kama kifo cha mtoto mmoja hakijamtosha. Livingstone akaenda hivyo hivyo. Njiani watoto walikaa siku kadhaa karibu kufa kwa kiu. Mary alijifungua kando ya mto, safarini.

Mwaka 1852 alipelekwa Uingereza na watoto wanne. Mume akabaki, akavuka Afrika, akapata jina kubwa. Mary alikaa huko miaka minne bila fedha za kutosha, akihama nyumba hadi nyumba. Mwaka 1862 alimfuata mume wake mto Zambezi. Alipata homa, akafa mwezi wa Aprili. Akazikwa Shupanga, nchini Msumbiji, chini ya mbuyu. Mwanawe Robert alikwenda Marekani, akaingia jeshini kwa jina la uongo wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alifia kifungoni mwaka 1864.

Binti mwingine, Bessie, aliolewa na mmisionari Roger Price. Huyu alifika hata kwetu. Mwaka 1876 alitoka Saadani mpaka Mpwapwa na ng'ombe wachache, kujaribu kama magari ya maksai yanaweza kufika bara. Wale ng'ombe walifika salama. Mwaka uliofuata wakaletwa wengi pamoja na magari. Wakafa kwa mbung'o.

Sasa John, mtoto wa kiume. Mzee Moffat alikuwa rafiki wa Mzilikazi, mfalme wa Wandebele, tangu 1829. Kwa urafiki huo John alikaribishwa kuishi Inyati mwaka 1859. Baadaye aliacha umisionari, akawa mtumishi wa serikali ya Waingereza. Mwezi wa Februari 1888 alimfanya Lobengula, mwana wa Mzilikazi, atie alama katika mkataba. Lobengula aliahidi kutoipa nchi nyingine yo yote ardhi yake bila idhini ya Waingereza. Alimwamini mwana wa rafiki wa baba yake. Mwaka 1890 watu wa Cecil Rhodes waliingia na bunduki. Nchi ikaitwa Rhodesia, na ilijitawala mwaka 1980 tu, kwa jina la Zimbabwe.

Mzee Moffat na mke wake waliondoka Kuruman mwaka 1870, baada ya miaka hamsini ya kazi. Bibi alikufa London mwaka uliofuata. Mwaka 1874 maiti ya Livingstone, iliyobebwa na akina Susi na Chuma mpaka Bagamoyo, ilifika London ikazikwa kwa heshima kubwa. Mzee Moffat, mwenye miaka 78, alikuwapo mazishini. Binti yake alibaki Shupanga.