Daftari la bunduki liko wapi?

Bwana Mhariri,

Nilitunza stoo ya shule moja ya upili kwa miaka 26 kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani hapa Kisian. Katika miaka hiyo sikuwahi kutoa hata panga la kufyekea nyasi bila sahihi. Mwanafunzi akichukua jembe asubuhi, jina lake, nambari ya jembe na saa aliyolichukua vilikuwa daftarini. Jioni jembe likikosekana, hatukuitisha kikao cha kuuliza nani alikuwa nalo. Tulifungua ukurasa. Kuna mwaka mkaguzi wa hesabu alinikalisha kitini tangu asubuhi hadi adhuhuri kwa sababu ya nusu kilo ya misumari ya paa, na mwishowe nikailipa.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba raia ameuawa kwa risasi ya serikali na aliyefyatua hajulikani, mimi huwa naona kama nimetukanwa. Bunduki ya polisi hailali kwa askari chini ya mto. Hutoka ghala la silaha kwa sahihi, ikiwa na nambari iliyochongwa kwenye chuma, na risasi zake zimehesabiwa. Hurudi kwa sahihi pia. Ikitoka na risasi 30 ikarudi na 27, tatu zina mwenyewe.

Julai 2023, wakati wa maandamano ya gharama ya maisha, kijana wa jirani yangu alipigwa risasi ya paja karibu na njiapanda yetu, pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia. Ni mtu wa bodaboda. Alikuwa amempakia mama mmoja na gunia lake la omena. Daktari aliitoa risasi na kuitia kwenye bahasha ya kaki, nasi tukaipeleka kituo cha polisi, mimi na babake. Kituo sikitaji. Askari wa zamu, mtu mpole kusema kweli, alitupa nambari ya OB na fomu ya P3, akaitazama ile bahasha kama mtu aliyeletewa nyoka, akasema turudi nayo Jumatatu, mkubwa wake akiwepo. Tumerudi Jumatatu kadhaa. Bahasha sasa iko kabatini kwa mamake kijana, chini ya vitambaa vya kochi.

Si kwamba sheria haipo. Jedwali la sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linamtaka askari aliyetumia bunduki aripoti mara moja kwa mkubwa wake, hata kama hakuna aliyeumia. Mtu akifa au akijeruhiwa vibaya, mkubwa huyo anatakiwa aijulishe IPOA, ile mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, na kuikabidhi ushahidi alio nao. Jedwali hilo hilo linamtaka askari mwenye sare avae jina au nambari yake mahali inapoonekana. Wasomaji wako waliokimbizwa Kondele watakumbuka ni vifua vingapi walivyoviona vikiwa na jina. Mimi sikuviona.

Nitaambiwa kesi ya mtoto Pendo inaonyesha kwamba mambo yanasonga. Haya, tuitazame. Agosti 2017, usiku baada ya matokeo ya urais kutangazwa, polisi waliingia kwa nguvu katika nyumba moja Nyalenda. Mtoto wa miezi sita alipigwa rungu kichwani, akafariki siku chache baadaye hospitalini. Rungu halina nambari, hilo nakubali. Lakini kikosi kilichotumwa Nyalenda usiku ule kilikuwa na orodha, kilikuwa na magari, na kilikuwa na mtu aliyekituma. Uchunguzi wa kifo ulifanyika mbele ya hakimu Beryl Omollo hapa Kisumu, na Februari 2019 akaamua kwamba makamanda watano wana lawama. Hakutaka kunaswa katika swali la mkono upi ulioshika rungu. Alipanda juu, kwa waliotoa amri. Kama kuna karatasi ya serikali iliyowahi kunifurahisha kama mtunza stoo, ni ile.

Kisha? Miaka mitatu na zaidi ikapita. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaidhinisha maafisa 12 washtakiwe kwa uhalifu dhidi ya binadamu, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika mahakama za Kenya. Tukashangilia mapema. Kusomewa mashtaka tu kukaahirishwa, kukaahirishwa tena, hadi mtu akasahau ilikuwa ya mwezi gani. Mtoto yule angekuwa hai, angekuwa anasoma habari za kesi yake mwenyewe gazetini.

Hapa Kisumu tunajua jinsi jambo linavyozeeka likiachwa. Oktoba 25, 1969, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mzee Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali tuliyoiita Russia, ambayo siku hizi ina jina la Jaramogi, wakarushiana maneno na Jaramogi hadharani, na walinzi wakafyatua risasi katika umati na njiani walipokuwa wakiondoka. Baba alirudi nyumbani jioni kwa miguu, akifuata reli ya Butere kwa kuogopa barabara, na hakula. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Hakuna mtu mzima niliyemfahamu aliyeikubali idadi hiyo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mauaji hayo katika ripoti iliyokabidhiwa rais Mei 2013, na Bunge halijawahi kuipitisha. Kabla ya hapo Tume ya Waki ilikuwa imehesabu vifo 1,133 katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na 405 kati yake vilitokana na risasi. Tunahesabu vizuri sana maiti. Maganda ya risasi ndiyo yanayotushinda.

Badala ya daftari kufunguliwa, tunasikia maagizo mapya. Juni 2025 Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, aliwaambia polisi wampige risasi atakayekaribia kituo kwa nia ya kunyakua silaha. Wiki mbili baadaye Rais akasema wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi mguuni, wapelekwe hospitali, kisha kortini. Kijana wa jirani yangu alitimiziwa agizo hilo miaka miwili kabla halijatolewa, isipokuwa kipande cha korti.

Hata wanajeshi hutolewa kwa fomu. Juni 2024, KDF ilipoitwa kuwasaidia polisi wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, Katiba ililazimisha jambo hilo lifike Bungeni, na Jaji Lawrence Mugambi akaitaka serikali itangaze katika gazeti rasmi wanajeshi hao watafanya kazi gani, wapi, na kwa muda gani. Ni maswali matatu ya mtunza stoo. Nashangaa kwamba ilibidi aulize jaji.

Lililo chungu zaidi kwetu ni ukimya wa watu wetu. Wanasiasa waliopanda majukwaani 2017 na jina la Pendo mdomoni leo wako katika serikali jumuishi, wengine mawaziri. Mkataba wa Machi 2025 kati ya chama chao na cha Rais uligusia fidia kwa waathiriwa wa maandamano. Agosti rais akaunda jopo la kuishughulikia. Septemba mahakama ikalisimamisha. Fidia sikatai. Mguu wa kijana unahitaji pesa, bodaboda yake iliuzwa kulipa hospitali. Lakini hata stoo, kitu kikivunjika, kabla ya kulipa tuliandika nani alikivunja.

Ombi langu kwa Inspekta Jenerali ni dogo. Afungue madaftari ya silaha ya vituo vya Kisumu ya Julai 19 hadi 21, 2023, aipe IPOA nakala, na amtume mtu achukue bahasha ya kaki hapa Kisian, aandike kwamba ameichukua. Kama shida ni kwamba madaftari hayasomeki, mimi nipo nyumbani kila siku ila Jumapili, na miwani yangu bado ni nzuri.

Mtunza stoo mstaafu,
Kisian, Kisumu